Inveta Zinazoanguka Ijumaa

Mahajanga, Jumapili 7 Januari 2024

Nimerudi jana kutoka Nosy Be na sanduku ambalo sikumwachia mtu yeyote alishike, si kwenye boti ya Ankify, si kwenye gari lililonirusha mashimoni hadi hapa mtaani kwangu, Tsaramandroso. Ndani mna inveta ndogo nne, kila moja unene wa kitabu. Kazi ya inveta ni kuchukua umeme wa paneli moja ya jua na kuugeuza uwe umeme wa nyumbani. Mbili nilisimama chini nikiangalia zikifunguliwa kutoka paa la zahanati ya kijiji cha Marodoka, kisiwani huko; nyingine zikabaki juu. Mbili ni mpya. Nilizichomoa mwenyewe, macho nimefumba, kwenye boksi lililobaki dukani kwa Bacar.

Nifumbe macho kwa nini? Kwa sababu muuzaji anayejua utachukua ipi ameshakuchagulia.

Mambo yako hivi. Msimu huu jokofu la chanjo la Marodoka limepata joto mara mbili. Mara mbili muuguzi, Echata, amemwaga chanjo na kuwarudisha akina mama na watoto wao mgongoni. Chama cha zahanati kinasema inveta ni bandia. Aliyezileta ni Bacar. Mwenyekiti, mzee Ibouroi, ameamua zipimwe Mahajanga, na zikithibitika mbovu jina la Bacar litasomwa mbele ya watu baada ya sala ya Ijumaa, kwamba amewadhulumu watoto. Mtu akisomwa hivyo Marodoka, hata salamu yake hujibiwa nusu.

Wamenituma mimi niyasimamie majaribio. "Wewe humwamini hata anayekusalimia," Ibouroi aliniambia, akidhani ananisifu. Lakini nilisikia pia minong'ono nyuma yake, kwa sababu Bacar ni kaka yangu wa ziwa. Mama yangu aliugua aliponizaa, na Mama Fatouma, aliyekuwa na Bacar titi la kulia, akaniweka mimi la kushoto. Kwa sheria yetu huyo ni ndugu kamili. Basi wananong'ona kuwa Rahamatou atamfunika nduguye.

Nitawaonyesha. Miaka ishirini na tano gazetini sijamfunika mtu.

Naandika Kiswahili, nilichokichukua Unguja nilipokuwa nikisoma huko, kwa kuwa mjini hapa hakuna anayekisoma. Sokoni ni Kimalagasi, ofisini Kifaransa, na Kikomoro wazee wanapogombana. Bacar akiipata shajara hii ataelewa nusu. Nusu hiyo itamtosha.

Jumanne 9 Januari

Mvua. Maji yamefika kizingiti cha pili. Diwani aliyeahidi mitaro amepaka rangi ukuta wake.

Jumatano 10 Januari

Antanimasaja, kwa Youssouf. Anafundisha umeme chuoni na ana karakana nyuma ya nyumba ya mama yake, Bi Bahia. Mtu mpole, ndevu chache, anaongea kama anayelipia kila neno. Watu wapole huniogofya. Mkali unajua amesimama wapi.

Mashine yake ya kupimia ina chaneli nane. Kila inveta inachukua mbili: moja inasoma kinachoingia kutoka kwenye paneli, moja inasoma kinachotoka kwenda nyumbani. Kwa hiyo inveta zote nne zinapimwa kwa wakati mmoja, chini ya jua moja na wingu moja, na hakuna itakayosingizia hali ya hewa. Hilo nimelipenda. Laiti bunge lingekuwa na mashine hiyo, kila mbunge na chaneli zake mbili, anachoingiza na anachotoa.

Nimezipaka hina mgongoni ili zisibadilishwe. Wino huigwa dukani, lakini mkono wangu wa hina haujaigwa na mtu tangu harusi ya dada yangu. Youssouf aliangalia, akachukua nyaya zake. Zile za paa la zahanati ameziunganisha kwenye laini inayopita upande wa jiko, zile mpya kwenye laini ya karakana. Nilimuuliza kwa nini asitumie laini moja. Akasema laini moja itabeba mzigo mkubwa. Nimeliweka jibu hilo akilini.

Mbele yangu alimwuliza mama yake kama kuna mtu mwingine anayetumia umeme wa nyumba hii. Bi Bahia alisema hapana, akaniletea chai.

Jumamosi 13 Januari

Zimeanguka. Si zote: mbili za zahanati tu, na jana tu, Ijumaa, kabla ya adhuhuri jua likiwa wazi. Kwenye karatasi mistari yao inapanda vizuri tangu asubuhi, kisha inazama hadi chini, inakaa, inapanda, inazama tena. Zile mpya zimetulia kama maharusi.

Nilimuuliza Youssouf anasemaje.

"Sijui bado, dada."

"Mstari umeanguka. Unahitaji kujua nini zaidi?"

"Umeanguka kwa sababu gani."

Nimewahoji mawaziri wanne maishani mwangu, na wote walipobanwa walisema hawajui bado.

Jumatatu 15 Januari

Leo nimekuta kifurushi jikoni kwa Bi Bahia: pilipili manga, kahawa, chupa ya mafuta ya maua ya ilangilangi. Nikauliza kimetoka wapi. Kwa Bacar, akasema, bila kupepesa jicho. Ati Bacar ni mtoto wa binamu yake na hutuma kila msimu. Kila msimu. Na hakuna aliyeona inafaa kunitajia kuwa mpimaji na mpimwa wanakula pilipili moja.

Nimemwambia Youssouf kwamba alipaswa kunieleza. Akasema, "Na wewe ni dada yake wa ziwa. Nilidhani sote tunajuana."

Jibu zuri. Majibu mazuri huandaliwa.

Alhamisi 18 Januari

Mvua mchana kutwa. Hakuna jua, hakuna cha kupima. Nimesoma, nimegombana na mhariri kuhusu nukta mkato.

Jumamosi 20 Januari

Ijumaa nyingine, kuanguka kulekule. Mbili za zahanati zimezama kabla ya sala, mpya zimesimama.

Youssouf anataka nisiandike chochote bado. Anasema kabla inveta haijaanguka, volti za laini zinashuka kwanza. Inveta hizi zimetengenezwa zijiondoe zikikuta umeme wa nyumba umelegea, halafu zingoje kabla ya kurudi. "Ni kama mgeni mwenye adabu," akasema. "Akikuta ugomvi ndani, anatoka, anakaa nje, anasikiliza, ukitulia anarudi." Mara ya kwanza nimemsikia akisema sentensi ndefu, na ni ya kumtetea Bacar.

"Mbona wale wageni wengine wawili hawatoki?" nikamuuliza. "Wao ni viziwi?"

Akasema wamo chumba kingine. Anataka abadilishe nafasi zao: za zahanati zihamie laini ya karakana, mpya zihamie upande wa jiko. Aangalie kama kuanguka kutazifuata inveta au kutabaki pale pale.

Nikamwambia abadilishe anavyotaka. Mimi makala yangu yako tayari.

Jumanne 23 Januari

Yametoka, ukurasa wa pili. Sikutaja jina. Lakini Nosy Be ni kisiwa.

Jumatano 24 Januari

Bacar amenipigia simu asubuhi. Nilitarajia matusi, nikayangoja kwa hamu kidogo, kwa sababu tangu utotoni tumetukanana vizuri. Alisema Kikomoro, polepole.

"Umeandika kwamba kuna mfanyabiashara anayeuza giza kwa watoto."

"Nimeandika."

"Sentensi nzuri. Mama aliomba asomewe mara mbili. Hakujua ni mimi, akasema Mungu amlaani mtu huyo."

Akakata.

Nimeirudia simu hiyo kichwani siku nzima nikitafuta mahali alipojitetea. Hakujitetea. Mtu asiye na hatia hupiga kelele. Mimi ningepiga kelele hadi Ankify. Basi kunyamaza kwake nakuhesabu upande wa ushahidi.

Jumamosi 27 Januari

Sijui niandikeje hili. Nitaliandika kama lilivyo.

Wiki hii Youssouf alizibadilisha nafasi mbele yangu. Hina yangu ilikuwa mgongoni mwa kila moja, nikaihakiki. Jana, Ijumaa, kabla ya sala, mistari ilizama. Iliyozama ni ya inveta mpya, zile nilizozichomoa macho nimefumba. Za zahanati, mbovu, bandia, giza la watoto, zilibaki juu zimetulia mpaka jua lilipopinda.

Kuanguka hakukuzifuata inveta. Kumebaki upande wa jiko.

Nimeandika makala si chini ya kumi nikisema kwamba katika nchi hii tunabadilisha waziri juu ya kiti kibovu, kisha tunamlaumu aliyekalia kwa kuyumba. Watu hunisimamisha njiani na kunirudishia maneno hayo. Na mimi nimeona kiti kinayumba, nikamshika aliyekalia.

Isipokuwa kama Youssouf amechezea laini. Anaweza. Fundi wa umeme kuangusha volti ni sawa na mpishi kuzidisha chumvi. Na pilipili ya Bacar iko jikoni kwao.

Ijumaa ijayo nitakaa mwenyewe mbele ya mashine. Wanaume watakuwa msikitini.

Jumanne 30 Januari

Mvua. Bati la jirani limeruka. Mhariri anauliza sehemu ya pili ya makala, wasomaji wamewaka. Nimemwambia angoje. Akauliza kama naumwa.

Ijumaa 2 Februari

Nilifika Antanimasaja mapema. Mvua ilikuwa imekatika usiku na jua limetoka kali, nguo zinafuka mvuke kambani. Youssouf alikuwa anaoga kwa ajili ya sala. Nilivuta kiti mbele ya mashine nikasema sitaki chai.

Chaneli zilikuwa shwari. Kinachoingia, kinachotoka, tofauti yake ndogo, zote nne sawasawa. Youssouf akapita amevaa kanzu nyeupe, imenyooka hata mikunjo ya mikono inakata, akaniaga. Dakika chache baadaye nikaona volti za upande wa jiko zinateleza. Hazikuanguka ghafla. Ziliteleza kidogo, zikapanda, zikateleza zaidi, kama mtu anayepakia gunia moja, halafu la pili, halafu la tatu. Kisha inveta ya kwanza ikajitoa. Ya pili ikafuata.

Youssouf hakuwepo. Hakuna aliyegusa kitu.

Nikainuka nikaingia jikoni. Bi Bahia alikuwa anachagua mchele. Nyuma ya mtungi wa maji, kwenye soketi ya chini, kulikuwa na waya mweusi, ile ralonzi ya kurefushia umeme inayouzwa kwa mita, umepita dirishani. Nikatoka nje kuufuata. Ulipanda ukuta, ukaingia ua wa jirani, ukagawanyika. Chini ya kibanda cha makuti wanawake watatu walikuwa wamesimama na pasi za umeme, rundo la kanzu kila mmoja mbele yake, na wavulana waliofunga taulo kiunoni wanangoja zao. Harufu ya kitambaa cha moto na wanga wa nguo.

Waliniona nikiukazia macho ule waya. Mmoja akaichomoa pasi, kwa adabu, kama mtu aliyekutwa anasengenya.

Nilirudi kwa Bi Bahia. Nadhani niliingia na uso wangu wa gazeti, kwa maana aliweka ungo chini.

"Mwanao alikuuliza mbele yangu kama kuna mtu mwingine anatumia umeme huu. Ukasema hapana."

"Nilisema hapana."

"Na wale?"

"Wale jirani zangu." Alinitazama kama ndiyo kwanza ananiona. "Zamani mtu akija kuomba kaa la moto, ulimwandika wapi? Ulimtangazia nani? Unampa, anakwenda kupika. Wale umeme wao umekatwa. Siku ya Ijumaa mtu asimame mbele ya Mola na kanzu iliyokunjamana kwa sababu yangu?"

"Lakini alikuuliza, mama."

"Sadaka ukiisema imekwisha, binti yangu. Si mwanangu tu. Hata marehemu mume wangu hakujua."

Nilikaa kwenye kibao chake cha mbuzi ya nazi kwa sababu kilikuwa karibu. Nilikuwa na hakika tangu mwanzo kwamba katika nyumba hii kuna kitu kinafichwa. Nilikuwa sahihi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba watu huficha na wema pia, au labda waliniambia nikawaona wajinga.

Youssouf aliporudi nilimwonyesha. Aliangalia waya, akaangalia kanzu yake, akaingia ndani. Nilimsikia akicheka peke yake karakanani.

Jumamosi 3 Februari

Inveta zote nne ni nzima. Youssouf ameandika hivyo, ametia sahihi. Zahanati pia ina laini moja tu, betri moja, na Ijumaa pia. Echata aliniambia chanjo ziliharibika mara zote mbili mwishoni mwa juma, baada ya siku za mvua, na mimi sikuliandikia jambo hilo hata mstari mmoja.

Nikampigia Bacar. Nilimwambia nimekosea, naandika kusahihisha, na nakuja Marodoka kutafuta waya.

"Usije," akasema.

"Bacar, ninakusafisha."

"Andika kuwa inveta ni nzima, basi. Waya usiutafute."

Mtu anayekataa kusafishwa. Nimekata tiketi ya gari.

Jumanne 6 Februari

Sahihisho limetoka, kwa herufi ukubwa uleule wa makala. Mhariri alitaka lipunguzwe. Nilimwambia aliyeumwa hadharani hatibiwi uvunguni.

Jumatatu 12 Februari

Daraja limezama, magari hayaendi. Ibouroi amenipigia. Amelisoma sahihisho. Kwa sauti tamu kabisa amesema kwamba maziwa ni mazito kuliko wino.

Marodoka, Ijumaa 16 Februari

Nimefika jana jioni nimelowa. Nimelala kwa Echata, chumba cha nyuma ya zahanati. Sikumwambia nimekuja kufanya nini, naye hakuuliza, na alivyoacha kuuliza nikajua kwamba anajua.

Asubuhi nikazunguka zahanati. Waya ulianzia chumba cha kusafishia vyombo, umezikwa mchangani, umepita chini ya ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe, ukatokeza upande wa pili nyuma ya banda la kuku ninalolijua. Nilikimbizana na Bacar kwenye banda hilo baada ya mwaka wa fujo, watu wetu Wakomoro walipowindwa wakaikimbia Mahajanga na familia zetu mbili zikaja kuanza upya hapa. Nilisimama juu ya waya pale, mguu huku na mguu huku, na nilitaka sana uendelee mbele. Haukuendelea. Uliingia dirishani kwa Mama Fatouma.

Amezidi themanini. Alikuwa amesimama mbele ya meza, mgongo umepinda, pasi mkononi, na kitandani kwake kanzu zimepangwa kama kurasa za kitabu. Kila Ijumaa, tangu alipofiwa na mumewe, huwapigia pasi wanaume wa msikiti bila kuchukua chochote. Zamani ilikuwa pasi ya mkaa. Mwaka jana kifua kilimsumbua kwa moshi, binti wa jirani akampa ya umeme.

"Umekonda," akaniambia. "Kaa, nikunje ya Ibouroi. Huyu shingo yake ngumu, kola yake ngumu."

Nikakaa. Nyuma ya ukuta, juu ya paa, nilijua bila mashine yoyote kwamba inveta zinajitoa moja baada ya moja, betri inanyonywa, na jokofu la Echata linaanza kupata joto, kwa ajili ya kola ya Ibouroi.

Bacar aliingia akiwa na mkate. Aliponiona aliusimamisha mkate hewani. Kisha akaniita nje, kwenye banda la kuku.

"Umefurahi?"

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu chanjo ya kwanza. Echata alimpa waya kwa ajili ya feni tu, kifua kilipombana. Pasi ilikuja baadaye. Nilikwenda kwa chama, nikawaambia tuliwekee jokofu laini yake na betri yake, yaliyobaki yafanye yatakavyo. Ibouroi akasema natafuta njia ya kuwauzia waya."

"Na ukanyamaza wakikuita mwizi wa watoto. Mimi nikikuita."

"Ningesema nini? Kwamba chanjo imeharibiwa na mama?" Alitazama dirishani. "Amenyonyesha watoto sita wasio wake, mmoja wao wewe, mwenye meno mabaya zaidi. Akiambiwa pasi yake imemwaga dawa za watoto, unadhani atafika Ramadhani?"

Nilikuwa na majibu. Mimi huwa nayo. Nilikuwa nayo juu ya haki ya umma kujua, na nimeyaandika mara nyingi kwa mifano bora kuliko huo. Kuku mmoja akapita katikati yetu akikokota unyoya.

"Jokofu kwanza," nikasema. "Hilo halingoji mwezi wala mama."

"Paneli tatu na betri. Nina betri dukani. Leo hii."

"Na chama?"

"Chama ni kazi yako. Si wewe walikutuma?"

Jumamosi 17 Februari

Bacar na Echata wamelitenga jokofu. Laini yake peke yake, haigusi soketi nyingine yoyote. Echata ameficha uso kazini siku nzima. Nilimwambia sitaandika jina lake popote, akajibu kwamba hivyo ndivyo waandishi husema. Nilistahili.

Ijumaa 23 Februari

Mama Fatouma amepiga pasi mpaka adhana. Mimi na Echata tulikaa mbele ya jokofu kama wanaokesha na mgonjwa. Kipimajoto hakikusogea.

Ijumaa 1 Machi

Kikao, baada ya sala, ukumbi wa madrasa. Wanaume mbele, wanawake tuko kando, wambea wote wa kijiji wamekuja, na Bacar amekaa nyuma karibu na viatu. Nje mvua nyepesi.

Nilisoma matokeo. Inveta nne, chaneli nane, kinachoingia na kinachotoka. Nikaeleza kubadilishana nafasi. Nikasema kosa halimo kwenye vyombo alivyoleta Bacar, na kwamba mimi nilimshutumu gazetini kabla ya jaribio kwisha, na mbele yao naomba radhi kwake. Nikasema jokofu sasa lina laini yake na halitapata joto tena.

Ibouroi alisikiliza, mikono juu ya fimbo.

"Tumeshukuru. Sasa, dada Rahamatou, kama vyombo ni vizima, chanjo ziliharibikaje?"

"Kulikuwa na mzigo kwenye laini."

"Mzigo wa nani?"

Nilitazama mbele yangu. Safu tatu za wanaume, na kwenye kila mmoja kanzu iliyonyooka toka bega hadi kifundo, mikunjo iliyopangwa kwa mkono mmoja, kola zimesimama. Sijawahi kupewa mwisho wa makala ulio mtamu kama ule. Ningeusema kwa sentensi moja, na kicheko kingefika mjini Hell-Ville, na Ibouroi angekufa nacho.

"Ninajua," nikasema. "Sitasema."

Ukumbi ukavuma. Mtu akasema niape basi. Mwanamke mmoja, sauti yake naijua, akasema alijua haya tangu siku waliponituma. Ibouroi akainua mkono.

"Wewe uliyewavua watu nguo miaka yote hii, leo unasema husemi?"

"Leo sisemi."

"Kwa hiyo chama kichukue neno lako tu. Neno la dada, juu ya kaka."

"Chukueni karatasi za mashine. Neno langu liacheni kama hamlitaki."

Wamekubali, kwa kunung'unika, kwamba inveta zibaki, na jina la Bacar lisisomwe. Halafu wakaondoka wakinipita pembeni, na kanzu zao zikinigusa kidogo, zina joto bado.

Bacar aliningoja langoni na mwavuli. Hakusema asante, na mimi ningemtukana angesema. Tulitembea mpaka kona ya ukuta wa matumbawe.

"Sasa mimi wananisalimia nusu," akasema, "na wewe nusu."

"Wewe utarudi mzima mwakani. Mimi nina adui wengi zaidi, itachukua muda."

Mahajanga, Jumapili 10 Machi

Wanangoja mwezi wa Ramadhani. Mvua zinachoka. Echata amenitumia picha ya kipimajoto: hakijasogea.

Mhariri ameweka barua za wasomaji juu ya meza yangu, nyingi za Nosy Be. Wanauliza Rahamatou amenunuliwa kwa kiasi gani, na kwa nini anayewadai wote maelezo hatoi yake. Mbili zimeandikwa vizuri sana. Amenipa ukurasa mzima nijibu.

Nimemwambia kwenye ukurasa huo azichape barua, zote, asifute hata moja, na chini yake asiweke jibu langu.

Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia ndiyo, na kwamba ile ya tatu ina nukta mkato mahali pasipo pake.